Je, Yafaa Ufalme wa Katiba Utengeneze Utawala Wake?

Katika nchi zenye wafalme liko swali moja lisilozeeka, nalo ni hili: mfalme ambaye nguvu zake zimekwisha kupunguzwa na katiba, naye amekubali kutawala kwa shauri la mawaziri na Bunge, je, yampasa kuendelea kukubali matengenezo, au afadhali ashike mpaka hapo na kusema kwamba imetosha? Wako wenye hekima waliosema kwamba kila jiwe litolewalo ukutani hulegeza jiwe la pili, na mwisho nyumba yote huanguka. Wako na wengine, wenye hekima vile vile, waliosema kwamba nyumba isiyotengenezwa huanguka yenyewe. Maneno ya namna hii hayana mwisho yakisemwa hivi hivi tu. Kwa hiyo nataka tuyapime kwa mambo yaliyotendeka. Tutazitazama nchi mbili jirani, Uingereza na Ufaransa, kuanzia mwaka 1830 mpaka 1848. Maana katika miaka hiyo kila moja ilikuwa na mfalme wa katiba, kila moja iliombwa matengenezo na watu wake, na kila moja ilijibu kwa njia yake.

Kwanza tueleze maana ya ufalme wa katiba. Mfalme wa namna hii si kama mfalme wa kale ambaye neno lake lilikuwa sheria. Kiti chake ni cha kurithi, lakini sheria hutungwa na Bunge, kodi hutozwa kwa idhini ya Bunge, na mawaziri hutoa hesabu ya kazi yao mbele ya Bunge. Uingereza ilifika hapo baada ya vita na fitina nyingi: mfalme mmoja, Charles wa Kwanza, alikatwa kichwa mwaka 1649, na mwingine, James wa Pili, aliikimbia nchi mwaka 1688. Tangu 1689 iliandikwa wazi kwamba mfalme hawezi kutangua sheria wala kutoza kodi pasipo Bunge. Kwa sababu hiyo Waingereza wengi walijiona wamekwisha kumaliza kazi.

Lakini liko neno waliloliacha nyuma: Bunge lenyewe ni la nani? Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili: Baraza la Makabaila, ambalo zamani zile lilikuwa la mabwana wakubwa wenye kurithi vyeo pamoja na maaskofu, na Baraza la Raia, ambalo wajumbe wake huchaguliwa. Miji yenye kuchagua wajumbe ilipewa haki hiyo zamani sana, nayo haikuguswa tena ingawa nchi ilibadilika. Old Sarum, karibu na Salisbury, palikuwa mji katika karne za kale. Watu wake wakahama, kikabaki kilima chenye magofu na majani, lakini kilima kile kiliendelea kupata wajumbe wawili Bungeni. Dunwich palikuwa mji wa bandari. Bahari ikaumeza kidogo kidogo mpaka sehemu kubwa ikapotea majini. Nao ulikuwa na wajumbe wawili. Lakini Manchester, mji wa viwanda vya pamba uliokuwa na watu zaidi ya 140,000 mwaka 1831, haukuwa na mjumbe wake hata mmoja. Wala Birmingham, wala Leeds, wala Sheffield. Tena kura ilitolewa waziwazi mbele ya watu, hata mpangaji aliyempinga mwenye shamba alijua kwamba kesho yake aweza kufukuzwa. Viti vingine viliuzwa na kununuliwa kama ng'ombe mnadani.

Watu waliomba mambo haya yatengenezwe. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapata 60,000, wanaume, wanawake na watoto, wengi wao wamevaa nguo zao za Jumapili, walikusanyika katika uwanja wa St Peter's huko Manchester. Mahakimu wa mji wakaogopa, wakaamuru askari wa farasi wasaidie kuwakamata wasemaji. Askari wakaingia katika umati na panga zao. Watu wasiopungua 11 wakafa, na mamia wakajeruhiwa. Serikali haikujibu kwa kulitengeneza Bunge, bali kwa sheria kali za kuzuia mikutano na kuyabana magazeti.

Haifai kudhani kwamba waliokataa matengenezo walikuwa wote waovu au wajinga. Mkubwa wao alikuwa Duke wa Wellington, yule aliyemshinda Napoleon huko Waterloo mwaka 1815, akawa waziri mkuu mwaka 1828. Tarehe 2 Novemba 1830 alisema mbele ya makabaila kwamba Bunge kama lilivyo linaifaa nchi, na kwamba yeye atapinga kila shauri la kuligeuza. Wenzake walileta hoja zao. Walisema kwamba katiba ya Uingereza haikuundwa na mtu kwa siku moja, ilikua kama mti. Basi atakayeukata tawi hapa na tawi pale ajihadhari asije akaukausha. Tena walikumbuka Ufaransa ya mwaka 1789, ambako baraza liliitwa ili kutengeneza mambo, na katika miaka minne tu mfalme alikuwa amekatwa kichwa. Hofu yao haikuwa ya bure. Lakini watu hawakumsikiliza, na kabla mwezi ule haujaisha serikali ya Wellington ilianguka. William wa Nne, aliyekuwa ametawazwa mwaka ule ule, akamwita Earl Grey kushika uwaziri mkuu.

Mwezi Machi 1831 mswada wa matengenezo uliletwa katika Baraza la Raia. Katika kura ya kwanza kubwa, 302 waliukubali na 301 waliukataa. Wapinzani walipouzuia tena, mfalme mwenyewe alikwenda Bungeni mwezi Aprili akalivunja, ili nchi ichague upya. Na wateule wapya walio wengi wakawa upande wa matengenezo. Mswada ukapita katika Baraza la Raia, ukapelekwa kwa makabaila. Tarehe 8 Oktoba makabaila wakaukataa kwa kura 199 dhidi ya 158. Maaskofu 21 walikuwa miongoni mwa waliokataa, na watu walihesabu wakaona kwamba kama hao wangalikubali, mswada ungalipita. Ghasia zikatokea. Ngome ya Nottingham ikachomwa moto. Katika mji wa Bristol fujo ilidumu siku tatu. Magereza na nyumba ya askofu zikateketezwa, watu wengi wakafa, na baadaye wanne wakanyongwa. Huko London madirisha ya nyumba ya Wellington yalivunjwa kwa mawe, naye akatia vifuniko vya chuma.

Mwezi Mei 1832 mambo yakafika ukingoni. Grey alimwomba mfalme atawaze makabaila wapya wengi, kadiri ya kutosha kuupitisha mswada. Mfalme akasita, na Grey akajiuzulu. Wellington akajaribu kuunda serikali, asiweze, maana hata rafiki zake waliona hatari. Mikutano mikubwa ilifanywa kila mahali. Watu wakatishia kutolipa kodi, na wengine wakaenda benki kutoa dhahabu yao. Ndipo mfalme alipokubali na kumrudisha Grey, akimwahidi makabaila wapya ikiwa watahitajiwa. Hawakuhitajiwa. Wapinzani wengi waliposikia ahadi ile walikaa nyumbani wasije barazani, mswada ukapita, na tarehe 7 Juni 1832 ukawa sheria.

Sheria ile ilifanya nini? Miji 56 ya namna ya Old Sarum ilinyang'anywa viti vyake vyote, na mingine 30 ikapunguziwa kiti kimoja kimoja. Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield ikapata wajumbe. Mijini, mwanamume mwenye nyumba ambayo thamani yake kwa kodi ya mwaka ilikuwa paundi 10 alipewa kura. Uingereza pamoja na Wales, wapiga kura waliongezeka kutoka 400,000 na zaidi kidogo mpaka kadiri ya 650,000. Na huko Scotland, kwa sheria yao ya mwaka ule ule, kutoka kadiri ya 4,500 mpaka zaidi ya 64,000.

Hayo ni mengi, lakini ni machache pia. Wafumaji na wachimba makaa waliosimama viwanjani na kupiga kelele mpaka sheria ikapita hawakupata kitu, kwa maana nyumba zao hazikufikia paundi 10. Wanawake waliandikwa nje waziwazi, kwa kuwa sheria ilitaja kwamba mpiga kura awe mwanamume. Kura iliendelea kutolewa hadharani mpaka 1872. Kwa hiyo maskini walijiona kama watu walioitwa kusaidia kusukuma mtumbwi majini, na mtumbwi ulipoelea wakaachwa pwani. Uchungu huo ulikuwa wa haki, nao utarudi katika habari yetu.

Hata hivyo Bunge lile jipya halikuwa kama la kwanza. Katika Bunge la zamani, wenye mashamba ya miwa ya West Indies walikuwa na viti na rafiki wengi. Katika lile jipya walipunguka. Mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Waingereza. Kisiwani Mauritius, katika bahari hii yetu, sheria ilianza kutumika tarehe 1 Februari 1835, na miongoni mwa watumwa wa kule wako waliotoka katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ni kweli kwamba paundi milioni 20 zililipwa kwa mabwana, wala si kwa watumwa, na kwamba waliowekwa huru walilazimishwa kwanza kuwatumikia mabwana wao miaka kadhaa. Lakini msomaji wa Kiafrika asione kwamba mambo ya miji ya Old Sarum na Dunwich hayamhusu. Namna wajumbe walivyochaguliwa mbali kule ilihusu minyororo ya watu wetu.

Na mfalme je, alipoteza? Ndiyo, alipoteza. Mwaka 1834 William wa Nne aliwaondoa mawaziri asiowapenda, akamweka Robert Peel. Zamani mfalme akifanya hivyo, uchaguzi ulimfuata. Safari hii Peel hakupata wajumbe wa kutosha, na mwezi Aprili 1835 mfalme alilazimika kuwarudisha wale wale aliowafukuza. Tangu hapo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyethubutu tena kuiondoa serikali kwa namna hiyo. Basi waliosema kwamba matengenezo yangepunguza nguvu za kiti walisema kweli. Bali kiti chenyewe kilibaki.

Sasa tuvuke mkono wa bahari twende Ufaransa. Mwezi Julai 1830 Charles wa Kumi alijaribu kuyafunga magazeti na kupunguza wapiga kura kwa amri zake mwenyewe. Watu wa Paris wakaondoka kwa silaha, na katika siku tatu akaangushwa. Mahali pake akawekwa jamaa yake, Louis-Philippe, aliyeapa kuishika katiba. Alikuwa mtu wa maisha ya kiasi, aliyependa kutembea mjini na mwavuli wake kama raia mwingine. Lakini kura ilikuwa ya mwanamume aliyelipa kodi ya faranga 200 kwa mwaka. Na katika nchi yenye watu kadiri ya milioni 35, wapiga kura hawakufika 250,000. Tena wajumbe wengi wa Bunge walikuwa maofisa wa serikali, wakila mshahara wa wale wale waliopaswa kuwachungulia.

Mshauri mkubwa wa Louis-Philippe alikuwa Guizot, mwalimu wa historia aliyeandika vitabu juu ya mapinduzi ya Waingereza. Ajabu ni kwamba mtu aliyejua habari za wengine kiasi hicho hakuona zilizokuwa mlangoni pake. Walioomba kura aliwaambia wafanye kazi, waweke akiba, watajirike, nao watafikia kiasi cha sheria. Mwezi Machi 1847 uliletwa Bungeni mswada mdogo wa kushusha kiasi kile kiwe faranga 100. Guizot akaupinga, nao ukakataliwa. Mikutano ya siasa ilikuwa imezuiwa, basi wenye kutaka matengenezo wakaanza kufanya karamu, na katika karamu wakasema yao. Wakati huo huo mavuno yalikuwa yameharibika, mkate umekuwa ghali, na kazi zimeadimika.

Karamu kubwa ilikusudiwa kufanywa Paris tarehe 22 Februari 1848. Serikali ikaikataza. Watu wakajaa barabarani. Tarehe 23 askari wa kiraia wa mji, ambao mfalme aliwategemea, hawakutaka tena kumtetea Guizot, mfalme akamwondoa. Laiti angalifanya hivyo mwaka mmoja mbele! Usiku ule ule askari walipiga bunduki katika umati, na watu wapata 50 wakafa. Maiti zikapakiwa garini, zikazungushwa mjini kwa mwanga wa mienge. Asubuhi Paris ilijaa maboma barabarani. Tarehe 24 Louis-Philippe, mzee wa miaka 74, alitia sahihi kuuacha ufalme, akimwachia mjukuu wake mwenye miaka 9. Lakini watu hawakumtaka mjukuu, wakatangaza jamhuri. Mzee yule akakimbilia Uingereza kwa jina la kujificha la Mr Smith, akafa huko mwaka 1850. Alipata pa kujisitiri chini ya kiti cha kifalme cha jirani, ambacho kilikuwa kimekubali kutengenezwa.

Wiki sita na siku chache baada ya kuanguka kwake, yaani tarehe 10 Aprili 1848, London nayo iliona siku ya hofu. Wale maskini walioachwa nje mwaka 1832 walikuwa wameandika madai yao sita tangu 1838, wakataka kura kwa kila mwanamume, kura ya siri, na mengineyo. Bunge lilikuwa limekataa maombi yao mwaka 1839, likayakataa tena mwaka 1842 ingawa yalikuwa na sahihi zaidi ya milioni tatu. Siku ile walikusanyika kwa maelfu huko Kennington. Serikali ilikwisha kuandika raia wengi kuwa polisi wa muda, na aliyepewa kazi ya kuulinda mji ni yule yule Wellington, sasa mzee. Mkutano ukafanyika, maombi yakapelekwa Bungeni, watu wakarudi makwao. Kwa nini Paris iliwaka na London haikuwaka? Sababu ziko nyingi. Lakini moja kubwa ni kwamba wenye maduka na viwanda, ambao Paris walisimama kando wakamwacha mfalme aanguke, huko London walikuwa wamepata kura yao mwaka 1832, nao walikuwa na kitu cha kulinda.

Hapa mtu aweza kuniuliza: Je, mapinduzi ya Wafaransa hayakuleta jema? Lazima nijibu kwa haki. Jamhuri ile iliwapa kura wanaume kadiri ya milioni tisa mara moja. Tena tarehe 27 Aprili 1848 ilikomesha utumwa katika makoloni yake, jambo ambalo serikali ya Louis-Philippe haikulifanya kwa miaka 18. Kisiwani Réunion watu zaidi ya 60,000 walitangaziwa uhuru tarehe 20 Desemba mwaka ule, na kati yao walikuwamo waliochukuliwa katika pwani yetu. Sitasema basi kwamba afadhali mambo yangebaki yalivyokuwa. Lakini mwezi Juni 1848 maelfu walikufa Paris katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na tarehe 2 Desemba 1851 Louis-Napoléon, rais waliyemchagua, alilivunja Bunge kwa nguvu, na baada ya mwaka mmoja akajiita mfalme mkuu. Mambo ambayo faranga 100 zingaliweza kuyaanza kwa amani yalikuja kwa damu, na sehemu yake yakapotea tena.

Na Wellington je, hakusema kweli kwamba badiliko moja huvuta la pili? Alisema kweli kabisa. Baada ya 1832 ikaja sheria ya 1867, ikaja ya 1884. Mwaka 1911 makabaila walipunguziwa nguvu ya kukataa miswada. Mwaka 1918 wanaume wote wazima na wanawake wengi wa miaka 30 na zaidi walipata kura, na mwaka 1928 wanawake wakawa sawa na wanaume. Mwaka 1999 wengi wa makabaila wa kurithi waliondolewa barazani. Katika madai sita ya wale maskini, matano yamekwisha kuwa sheria. Wala kazi haijaisha: mwaka 2011 Waingereza waliulizwa kama wanataka kubadili namna ya kuhesabu kura, wengi wakakataa, na mwaka 2024 chama kimoja kilipata viti zaidi ya 400 kati ya 650, hali kura zake zilikuwa kadiri ya 34 katika kila 100. Wengine huona hiyo ni njia ya kupata serikali imara, wengine huona ni Old Sarum kwa sura mpya. Wellington alidhani kwamba matengenezo yasiyokoma ni msiba. Mimi naona ndiyo desturi ya kila nyumba inayokaliwa: makuti huezekwa, na baada ya miaka huezekwa tena.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Rehoboamu, aliyeombwa na watu wake awapunguzie mzigo, akayaacha maneno ya wazee, akawajibu kwa ukali, akapoteza makabila kumi. Louis-Philippe hakuwa mkali kama yule. Alikawia tu, akiwasikiliza waliomwambia kwamba wapiga kura wachache walioridhika ni nchi nzima iliyoridhika. Kukawia kulimtosha kupoteza kila kitu.

Basi, ndugu wasomaji, jibu langu kwa swali tulilolianza ni kwamba yafaa, tena yapasa, ufalme wa katiba utengeneze utawala wake, na ufanye hivyo wakati maombi yangali yanaletwa kwa karatasi. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye kutengeneza asiridhike kwa kuwaingiza ndani wenye sauti kubwa na kuwaacha nje waliomsaidia. Maana wafumaji wa Manchester walingoja zaidi ya miaka 30, na wake zao na binti zao walingoja karibu miaka 100, na wengi wao walikufa wakingoja.